Nalanda: Mahali Dhana za Kibuddha Zilipobishaniwa

Magofu ya Nalanda yako katika jimbo la Bihar, mashariki mwa India, kilomita zipatazo 90 kutoka mji wa Patna. Tangu karne ya 5 hadi ya 13 palikuwa na mahavihara, yaani makao makuu ya watawa wa Kibuddha ambayo yalikuwa pia chuo. Mafundisho ya msingi ya Ubuddha hayakubuniwa hapo. Mengi yalikuwa na umri wa karibu miaka elfu moja wakati majengo ya kwanza yalipoinuliwa. Kazi ya Nalanda ilikuwa kuyabishania. Kizazi baada ya kizazi, wanazuoni wake walizitia dhana kama nafsi, utupu, fahamu na ujuzi kwenye mdahalo mkali, wao kwa wao na dhidi ya wapinzani kutoka nje, hadi zikapata maana zilizopimwa. Maana hizo ndizo zinazofundishwa leo katika nyumba za watawa za Tibet na Japani, na haziwezi kueleweka vizuri bila kujua nani alimpinga nani.

Eneo lenyewe lilikuwa na historia kabla ya chuo. Liko karibu na Rajgir, mji ulioitwa zamani Rajagriha, uliokuwa makao ya wafalme wa Magadha katika zama za Buddha. Maandiko ya Kipali yanasimulia kuwa Buddha alipita Nalanda mara kadhaa na kukaa katika shamba la miembe. Wajaini nao wanakumbuka kwamba Mahavira, kiongozi wao mkuu, alikaa katika eneo hilo misimu 14 ya mvua. Shariputra, mwanafunzi wa Buddha aliyesifiwa kwa ujuzi wa kuchambua mafundisho, anasemekana kuzaliwa na kufia jirani na hapo. Mtawa wa Kichina Faxian alipopita mwanzoni mwa karne ya 5 aliona mnara wa kumkumbuka Shariputra, lakini hakutaja chuo chochote.

Urithi ambao watawa wa baadaye waliukuta unaweza kuelezwa kwa kuanzia na alama tatu za kila kilichopo. Ya kwanza ni dukha: maisha yamejaa mateso na kutoridhika, hata pale yanapoonekana matamu, kwa sababu utamu wenyewe haudumu. Ya pili ni anitya, yaani hakuna kitu kisichobadilika. Ya tatu, ambayo ndiyo iliyozua ubishi mwingi kuliko zote, ni anatma: hakuna nafsi ya kudumu ndani ya mtu. Anachokiita mtu "mimi" ni mkusanyiko wa mafungu matano, skandha, ambayo ni mwili, hisia, utambuzi, misukumo ya nia na fahamu. Mafungu haya hutokea na kupotea kila wakati kwa kutegemea visababishi, na kanuni hiyo ya kutokea kwa kutegemeana huitwa pratitya-samutpada. Ujinga huzaa tamaa, tamaa huzaa kushikilia, kushikilia huzaa kuzaliwa upya. Ukiondolewa ujinga, mnyororo mzima hukatika, na kukatika huko ndiko nirvana.

Mafundisho hayo yalibeba swali gumu tangu mwanzo. Ikiwa hakuna nafsi, ni nani anayevuna matokeo ya karma, yaani ya matendo yake, katika maisha yajayo? Wabrahmani, makuhani na wasomi wa dini ya Veda, waliuliza swali hilo kwa kejeli, na Wabuddha wenyewe waliuliza kwa wasiwasi. Madhehebu ya awali yalijibu kwa kuvunja uhalisia katika chembe ndogo ndogo za tukio zilizoitwa dharma. Wasarvastivada walihesabu dharma 75, wakazipanga kwa makundi, na kudai kuwa kila moja ina kiini chake, swabhava, kinachodumu katika nyakati zote tatu: uliopita, uliopo na ujao. Mtu hayupo, walisema, lakini dharma zipo. Ni jibu la wahasibu, na lina nguvu zake: linaeleza jinsi tendo la jana linavyoweza kuzaa tunda kesho bila mwenye kulibeba.

Nagarjuna, aliyeishi kati ya karne ya 2 na ya 3, aliliona jibu hilo kuwa kosa lile lile kwa jina jingine. Kufukuza nafsi mlangoni na kuikaribisha swabhava dirishani hakukumridhisha. Alidai kwamba kitu chenye kiini kinachojitegemea hakiwezi kubadilika, hakiwezi kusababishwa, wala hakiwezi kusababisha kingine. Kwa kuwa kila kitu hutokea kwa kutegemeana, basi kila kitu ni kitupu, hakina swabhava. Huu ndio utupu, shunyata, dhana iliyoeleweka vibaya kuliko zote, kwani wasiosoma kwa makini huidhania kuwa ni kusema hakuna chochote. Nagarjuna alitenganisha kweli mbili: ukweli wa mapatano, ambamo meza, watu na mateso vipo kama kila mtu avijuavyo, na ukweli wa mwisho, ambamo hakuna kati ya hivyo kinachosimama peke yake. Njia yake ikaitwa Madhyamaka, njia ya katikati. Masimulizi ya Kitibeti humweka Nagarjuna kuwa mkuu wa Nalanda, jambo lisilowezekana kwa tarehe, maana chuo kilianzishwa zaidi ya karne moja baada ya kifo chake.

Kundi la pili lilitoka kaskazini-magharibi, Gandhara, kwa Asanga na Vasubandhu, wanaohesabiwa katika karne ya 4 na ya 5. Wao waliona kuwa utupu wa Nagarjuna umeacha swali la karma likining'inia. Wakafundisha kuwa chini ya fahamu za macho, masikio, pua, ulimi, ngozi na akili kuna fahamu nyingine ya kina, alaya-vijnana, inayotunza mbegu za kila tendo hadi zikomae. Ulimwengu unaodhaniwa kuwa nje ya akili ni matokeo ya mbegu hizo. Walipenda mfano wa kamba na nyoka: mtu gizani huona nyoka, akimulika huona kamba, na akichunguza zaidi hukuta nyuzi za katani tu. Nyoka ni asili ya kubuniwa, kamba ni asili tegemezi, na kule kukosekana kwa nyoka katika kamba ni asili iliyokamilika. Shule hii iliitwa Yogachara. Kwa hiyo, chuo kilipoanza, hoja kubwa mbili zilikuwa tayari zimekwisha kugongana, na watetezi wa kila upande walihitaji mahali pa kukutana.

Xuanzang, mtawa wa Kichina wa karne ya 7, anamtaja mfalme Shakraditya kuwa mwanzilishi wa Nalanda. Wanahistoria wengi humtambua huyo kuwa Kumaragupta wa Kwanza wa ukoo wa Gupta, aliyetawala takriban mwaka 415 hadi 455, na muhuri wenye jina la Shakraditya umefukuliwa katika magofu. Wafalme wa Gupta wenyewe walikuwa hasa waumini wa Vishnu, na ukarimu wao kwa Wabuddha unaonyesha siasa ya zama zile: mfalme alijijengea heshima kwa kulea wasomi wa kila dini. Walifuatwa na Harsha wa Kannauj katika karne ya 7 na kisha ukoo wa Pala kutoka Bengal tangu karne ya 8. Chuo kiliendeshwa kwa vijiji vilivyotolewa na wafalme hao, ambavyo mapato yake yalilisha, kuvisha na kutibu watawa, kwa utaratibu ambao msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki angeufananisha na wakfu. Wasifu wa Xuanzang unataja vijiji 100. Yijing, Mchina mwenzake aliyefika miongo kadhaa baadaye, anataja zaidi ya 200.

Idadi ya watu inatofautiana zaidi. Wasifu wa Xuanzang, ulioandikwa na mwanafunzi wake Huili, unadai kulikuwa na watawa 10,000 na mihadhara 100 kwa siku. Yijing, aliyeishi hapo takriban miaka kumi tangu mwaka 675 na mwenye tabia ya kuangalia mambo kwa jicho la karani, anasema zaidi ya 3,000. Majengo yaliyofukuliwa, nyumba 11 za watawa na mahekalu 6 ya matofali, yanamuunga mkono Yijing. Hata hivyo 3,000 ni wengi kwa karne ya 7, na waliishi kwa ratiba iliyopimwa kwa saa ya maji, ngoma ikipigwa kutangaza kila kipindi.

Kuingia hakukuwa rahisi. Xuanzang anaeleza kuwa wageni waliotaka kushiriki mijadala walikutana kwanza na mlinzi wa lango aliyewauliza maswali magumu, na katika kila kumi, saba au wanane walishindwa wakarudi. Mtaala ulikusanya sayansi tano: sarufi, mantiki, tiba, ufundi, na sayansi ya ndani, yaani falsafa yenyewe. Wanafunzi walisoma Veda za Wabrahmani na vitabu vya madhehebu 18 ya Ubuddha wa awali pamoja na maandiko ya Mahayana, tawi lake la baadaye. Sababu yake ilikuwa ya kivita zaidi kuliko ya uvumilivu: asiyeijua hoja ya mpinzani hawezi kuivunja.

Xuanzang mwenyewe alitoka China karibu mwaka 629 bila ruhusa ya serikali, akavuka majangwa na milima, akafika Nalanda karibu mwaka 637. Alikuwa na lengo moja hasa, kukisoma kitabu kikuu cha Yogachara, Yogacharabhumi, kwa ukamilifu wake, kwa sababu tafsiri za Kichina alizokuwa nazo zilipingana. Alipokelewa na Shilabhadra, mkuu wa chuo, ambaye wasifu unampa umri wa miaka 106. Alipangiwa posho ya kila siku ya mgeni wa heshima: tambuu, popoo 20, kungumanga 20, kafuri, na mchele wa mahashali, aina yenye punje kubwa na harufu nzuri iliyopatikana Magadha peke yake. Alisoma kwa jumla ya takriban miaka mitano, ingawa hakukaa mfululizo.

Visa viwili vya kukaa kwake vinaonyesha jinsi dhana zilivyofanyiwa kazi. Katika cha kwanza, mtawa Simharashmi alikuwa akifundisha Madhyamaka na kutumia hoja zake kuibomoa Yogachara. Xuanzang alimpinga hadharani, kisha akaandika kwa Kisanskriti risala ya beti 3,000 kudai kwamba shule hizo mbili hazipingani: Nagarjuna alikanusha asili ya kubuniwa tu, na hakugusa asili tegemezi. Risala hiyo imepotea, na wafuasi wa Madhyamaka wasingeikubali hata hivyo. Katika kisa cha pili, mfuasi wa Lokayata, falsafa ya kimaada ya India iliyokana maisha baada ya kifo, alibandika hoja 40 langoni na kutoa kichwa chake kuwa rehani iwapo yeyote angezivunja. Xuanzang aliziteremsha, akabishana naye mbele ya mashahidi, na aliposhinda alikataa kichwa akamchukua mtu huyo kuwa mtumishi. Baadaye alimwachia huru. Mbwembwe za namna hii zinaweza kuwa zimeongezwa chumvi na Huili. Kanuni yake lakini ilikuwa ya kweli: aliyeshindwa katika mdahalo alipaswa kukubali fundisho la mshindi, na wafalme waliangalia matokeo kabla ya kugawa vijiji.

Kwa kuwa hoja ilikuwa na uzito huo, ilibidi ielezwe hoja nzuri ni ipi. Hapo ndipo palipokua tawi ambalo pengine ndilo mchango mkubwa kuliko yote wa mazingira ya Nalanda, elimu ya pramana, yaani njia sahihi za kupata ujuzi. Dignaga, aliyeishi takriban mwaka 480 hadi 540, aliweka msingi wake katika kitabu chake Pramanasamuchaya. Wanamantiki wa Kibrahmani wa shule ya Nyaya walikubali njia nne za ujuzi: kuona kwa hisi, kukisia kwa hoja, kulinganisha, na ushuhuda wa mwenye kuaminika. Dignaga alizipunguza kuwa mbili, kuona kwa hisi, pratyaksha, na kukisia kwa hoja, anumana. Ushuhuda, hata wa maandiko, unategemea kukisia kwamba msemaji anajua na hasemi uongo. Hauwezi kuhesabiwa peke yake. Uamuzi huo ulikuwa na makali, kwa sababu uliondoa mamlaka ya Veda katika mdahalo, na kwa haki ile ile uliwazuia Wabuddha kushinda kwa kunukuu maneno ya Buddha.

Kukisia nako kuliwekewa masharti matatu. Mfano uliorudiwa katika kila darasa ni wa moto mlimani. Mtu anaona moshi juu ya kilima na kusema kuna moto. Hoja yake ni sahihi ikiwa moshi kweli upo kilimani. Ikiwa moshi hupatikana mahali penye moto, kama jikoni. Na ikiwa haupatikani kamwe mahali pasipo moto, kama ziwani. Likikosekana sharti moja, hoja ni mbovu, na Dignaga aliorodhesha ubovu wote unaowezekana kwa jedwali la hali tisa.

Kutoka hapo alifika kwenye swali la maneno. Hisi huona kitu kimoja, mahali pamoja, kwa wakati mmoja tu. Neno "ng'ombe" lakini linawahusu ng'ombe wote. Je, kuna ung'ombe mmoja unaokaa ndani ya kila ng'ombe? Nyaya walisema ndiyo. Mbuddha hawezi kukubali, kwa sababu ungekuwa kiini cha kudumu, kile kile ambacho anatma na anitya vinakikana. Dignaga alijibu kwa nadharia ya apoha: neno huonyesha kwa kuondoa. Kusema "ng'ombe" ni kutenga kila kisicho ng'ombe. Kumarila, mwanafalsafa mashuhuri wa shule ya Kibrahmani ya Mimamsa, alimshika kwenye hoja hiyo: ili kujua kisicho ng'ombe, ni lazima kwanza kujua ng'ombe, na hivyo hoja inajizungusha. Pigo hilo lilikuwa zito. Masimulizi ya baadaye yanadai kuwa Kumarila alijifanya Mbuddha ili asome kwa siri, na hata kama si kweli, yanaeleza vizuri uhasama na ukaribu wa kambi hizo mbili.

Aliyejibu ni Dharmakirti, wa karne ya 6 au ya 7. Alihamisha mzigo kutoka kwenye maneno kwenda kwenye kazi ambayo kitu hufanya. Kilichopo kweli ni kile chenye uwezo wa kuleta matokeo. Moto wa kweli huunguza, moto wa mawazoni hauunguzi. Watu huviita vitu vingi kwa jina moja kwa sababu vinawatimizia haja inayofanana, bila kuhitaji kiini cha pamoja. Kwa kipimo hicho hicho alithibitisha kwamba kila kitu hudumu kwa kufumba na kufumbua tu, kwani kitu kisichobadilika hakiwezi kuanza wala kuacha kutenda. Ni mahali pachache katika historia ya falsafa ambapo fundisho la dini, anitya, limegeuzwa kuwa hitimisho la hoja kwa uangalifu kama huo. Xuanzang hamtaji Dharmakirti. Yijing anamtaja kama mtu aliyekwisha kuimarisha mantiki. Baada ya Dharmakirti hakuna mwanazuoni wa India, wa dini yoyote, aliyeweza kuandika kuhusu ujuzi bila kumjibu.

Wafuasi wa Madhyamaka hawakufurahishwa wote na elimu hiyo mpya. Chandrakirti, ambaye mapokeo ya Kitibeti yanamweka Nalanda katika karne ya 7, alisema kwamba mtu wa njia ya katikati hana haja ya kujenga hoja zake mwenyewe. Inatosha kuonyesha kwamba madai ya mpinzani yanajipinga. Alishambulia alaya-vijnana kama nafsi iliyovaa nguo nyingine. Uchambuzi wake mashuhuri ni wa gari la farasi. Gari si sawa na sehemu zake, wala si kitu kingine mbali nazo. Halizimiliki, halimo ndani yake, wala zenyewe hazimo ndani ya gari. Si rundo lake, wala si umbo lake. Likitafutwa kwa njia hizo saba halipatikani, na bado watu hulipanda na kusafiri. Mtu na skandha zake ni vivyo hivyo. Hapo kweli mbili za Nagarjuna zinaeleweka kwa urahisi kuliko mahali pengine popote: gari lipo kwa mapatano, na utupu wake haulizuii kwenda.

Dhana hizi hazikubaki katika chumba cha mjadala peke yake. Shantideva wa karne ya 8, ambaye hadithi zinasema wenzake walimdhania mvivu anayejua kula na kulala tu, aliandika Bodhicharyavatara, utenzi juu ya njia ya bodhisatva, yule anayeahirisha nirvana yake kwa ajili ya viumbe wengine. Aliichukua anatma akaitumia katika maadili. Ikiwa hakuna nafsi inayomiliki mateso, basi mateso hayana mwenyewe, na hakuna sababu ya kuyaondoa ya huyu na kuyaacha ya yule. Wakosoaji wamehoji kama hoja hiyo haifuti pia sababu ya kumsaidia yeyote. Ni pingamizi la haki, na Shantideva analijibu kwa ufupi mno.

Mwenzake wa karne hiyo, Shantarakshita, alikuwa mpatanishi. Aliandika Tattvasangraha, kitabu cha beti zaidi ya 3,600 kinachopitia karibu kila shule ya falsafa ya India na kuijibu, na mwanafunzi wake Kamalashila akaongeza ufafanuzi mrefu. Msimamo wake ulichukua mantiki ya Dharmakirti, ukakubali Yogachara kwa ukweli wa mapatano, na kuishia kwenye utupu wa Madhyamaka kwa ukweli wa mwisho. Mfalme Trisong Detsen wa Tibet alimwita, na karibu mwaka 779 nyumba ya kwanza ya watawa ya Tibet, Samye, ilikamilishwa. Baada ya kifo cha Shantarakshita Watibeti waligawanyika kati ya mafundisho ya India na ya mtawa wa Kichina Moheyan, aliyefundisha kwamba mwamko huja ghafla mtu akiacha kufikiri. Kamalashila aliitwa kubishana naye miaka ya 790. Vyanzo vya Kitibeti vinampa ushindi Kamalashila na vile vya Kichina vinampa Moheyan, lakini Tibet ilichagua njia ya hatua kwa hatua, ya kusoma, kubishana na kutafakari. Mwanzoni mwa karne ya 9 watafsiri wake walitunga Mahavyutpati, kamusi ya istilahi zaidi ya 9,000 za Kisanskriti na Kitibeti, ili kila dhana itafsiriwe kwa neno moja lisilobadilika.

China ilipokea fungu lake mapema zaidi. Xuanzang alirudi mwaka 645 na maandiko 657 yaliyobebwa na farasi 20, akatumia maisha yake yaliyobaki kutafsiri vitabu 75. Mwaka 659 alitoa Cheng Weishi Lun, kitabu kinachokusanya maoni ya wafafanuzi kumi wa Vasubandhu na kumfuata hasa Dharmapala, mwalimu wa Shilabhadra. Shule iliyotokana nacho ilivuka hadi Japani, ambako inaitwa Hosso na bado inaishi katika mahekalu ya Kofuku-ji na Yakushi-ji mjini Nara. Kusini nako kulikuwa na uhusiano: bamba la shaba lililofukuliwa mwaka 1921 linaeleza kwamba mfalme Devapala wa karne ya 9 alitoa vijiji vitano kwa ajili ya nyumba ya watawa iliyojengwa Nalanda na Balaputradeva, mfalme wa Suvarnadvipa, katika Indonesia ya leo.

Anguko la Nalanda husimuliwa mara nyingi kama tukio la usiku mmoja: majeshi ya Bakhtiyar Khalji yakateketeza chuo mwishoni mwa karne ya 12. Ushahidi ni mgumu zaidi. Mwanahistoria wa Kiajemi Minhaj-i-Siraj anaeleza shambulio dhidi ya ngome ya Bihar, wakazi wenye vichwa vilivyonyolewa kuuawa, na washindi kukuta vitabu vingi na kugundua kuwa walichokiteka kilikuwa chuo. Wanahistoria wengi wanaona mahali hapo ni Odantapuri, jirani na Nalanda. Mtawa wa Kitibeti Dharmasvamin alipofika Nalanda miaka ya 1230 alikuta uharibifu mkubwa, lakini pia mwalimu Rahula Shribhadra, mzee wa zaidi ya miaka 90, akiwafundisha sarufi wanafunzi wapatao 70. Habari za askari kukaribia zilipofika, wengine walikimbia na Dharmasvamin akambeba mzee huyo mgongoni kwenda kumficha.

Vita viliipiga taasisi iliyokwisha dhoofika. Ukoo wa Pala ulikuwa umeanguka, na ukoo wa Sena uliowafuata Bengal uliwapendelea Wabrahmani. Chuo kipya cha Vikramashila kilikuwa kimegawana na Nalanda wafadhili na wanazuoni. Zaidi ya hayo, falsafa ya Nalanda ilikuwa mali ya watawa. Mwanakijiji aliyelipa chakula chao hakuwa na sehemu katika apoha au alaya-vijnana, na vijiji viliponyang'anywa hapakuwa na waumini wa kawaida wa kutosha kuitetea. Ujaini, uliowashikilia wafanyabiashara na familia zao, ulipitia misukosuko hiyo hiyo ukabaki India. Ni maktaba za Wajaini, huko Jaisalmer na Patan, zilizohifadhi Tattvasangraha kwa Kisanskriti.

Magofu yalitambuliwa kuwa Nalanda na Alexander Cunningham katika miaka ya 1860, kwa kufuata vipimo vya Xuanzang. Idara ya mambo ya kale ya India ilifukua kuanzia 1915 hadi 1937, na mwaka 2016 UNESCO iliyaandika katika orodha ya urithi wa dunia. Vitabu vyenyewe vilihitaji msako mwingine. Katika miaka ya 1930 msomi wa Kihindi Rahul Sankrityayan alisafiri Tibet mara kadhaa, akakuta katika nyumba za watawa nakala za Kisanskriti za majani ya mtende zilizodhaniwa zimepotea, zikiwemo za kazi kuu ya Dharmakirti, Pramanavartika. Dignaga hakupata bahati hiyo: Pramanasamuchaya yake bado inasomwa hasa kwa tafsiri za Kitibeti.